Mwendo wa Nne

Kwa miaka sita Mama Mdogo alilipwa kutazama watu wakitembea, na katika miaka yote hiyo hakumwona hata mmoja anayetembea polepole.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Chumba kimoja kirefu, meza tano, kompyuta tano, na madirisha yaliyobandikwa karatasi nyeusi ili jua lisipige kwenye vioo vya kompyuta. Mle ndani saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri zilifanana. Makampuni yenye maghala na viwanda yalileta picha za kamera zao za ulinzi, picha zisizo na sauti, kila palipotokea wizi, moto au mtu kuumia. Makarani walizitazama na kuandika ripoti kwa Kiingereza, dakika kwa dakika: nani aliingia, nani alitoka, alifanya nini. Ripoti zilikwenda kwa wenye kuamua nani alaumiwe, na wengi wao walikuwa nchi za mbali. Hawakuwa na muda wa kutazama picha. Walisoma.

Mwanzoni ripoti zilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Mtu alitembea. Mtu alifungua mlango. Wateja wakalalamika kwamba wanataka kujua mtu alitembea vipi, alifungua vipi. Basi mkuu wa ofisi, bwana mmoja mwembamba aliyewahi kuuza kamusi nyumba kwa nyumba, akatengeneza chati na kuibandika ukutani. Makarani waliiita Kipimajoto. Chini kabisa palikuwa na "quickly", neno la mtu mwenye haraka ya kawaida. Juu yake "hurriedly", la mtu aliyechelewa. Halafu "feverishly", kama mwenye homa, na "furiously", kama mwenye ghadhabu. Juu kabisa, kwa wino mwekundu, "frantically": mtu aliyepoteza akili kwa hofu, anayetapatapa kama kuku aliyeshikwa miguu. Kila kitendo katika ripoti kilitakiwa kubeba neno moja kutoka Kipimajoto. Maneno ya utulivu hayakuwepo. Mkuu alisema mtu aliyetulia hana haja ya kuandikiwa ripoti. Kwa ajili ya chati hiyo walimbatiza jina la Bwana Kielezi, naye alilijua, na nadhani lilimpendeza.

"Asubuhi hii nimeogesha watoto furiously," angesema Mama Pacha, karani wa meza ya jirani, mwenye pacha wa kiume wasiokamatika. "Nikawavisha feverishly. Nikapanda ngazi zenu hizi frantically. Sasa naomba nikae kama binadamu."

"Hilo la kukaa halimo kwenye Kipimajoto," Mama Mdogo angemjibu bila kuinua macho, na meza zote tano zingecheka.

Hayo alitusimulia nyumbani, wakati bado alikuwa anasimulia.

Jambo ambalo hakutusimulia wakati huo ni hili. Kila karani alipewa saa ishirini za picha kwa siku, na siku ya kazi ina saa nane. Wiki yake ya kwanza Mama Mdogo alibaki nyuma mpaka akalia chooni. Mama Pacha akamfuata.

"Mdogo wangu, kwani wewe unatazama kwa mwendo gani?"

"Mwendo wa kawaida."

"Utazeekea hapo ulipokaa. Bonyeza nne."

"Si watakuwa wanakimbia?"

"Watakimbia, wewe gawanya kichwani. Ukimwona anakimbia, jua anatembea. Ukimwona anatembea, jua karibu amesimama. Mbona rahisi."

Kitufe cha nne kilifanya picha iende mara nne ya mwendo wake. Vitufe vyote vya nne katika chumba kile vilikuwa vimefutika maandishi. Bwana Kielezi alijua hesabu vizuri, lakini hakuwahi kuuliza saa ishirini zinaingiaje ndani ya nane.

Mama Mdogo aligawanya. Aligawanya mwaka wa kwanza na wa pili. Baadaye kichwa kikaacha kugawanya, na hakikumwarifu.

Sisi nyumbani tuliona dalili bila kujua ni za nini. Nililala naye chumba kimoja. Mama yangu ni dada yake mkubwa. Alikuwa mtu wa utaratibu, wa kukunja mifuko ya plastiki pembetatu na kuipanga kwa ukubwa. Alitaka kuwa mwalimu wa Kiingereza, ikashindikana kwa sababu sauti yake hukauka mbele ya watu. Sasa alianza kushindwa kungoja. Ukimmiminia maji, alishika shingo ya jagi kana kwamba maji yamekwama ndani. Ukizungumza naye alikumalizia sentensi, tena kwa maneno yaleyale uliyotaka kusema, mpaka ukaona aibu kufungua mdomo. Jioni alisimama dirishani akitazama watu barabarani, na kidole chake gumba kilikuwa kikibonya ubao wa dirisha, kinaachia, kinabonya.

"Unabonyeza nini hapo?" Mama alimwuliza siku moja.

"Wamekwama."

"Akina nani?"

"Wale."

Mama alichungulia. Chini watu walikuwa wanarudi kutoka kazini na mifuko yao, wanatembea tu.

Jalada la ghala la baridi lilimfikia katika mwaka wa sita. Lilikuwa ghala la kuku waliogandishwa, na lilikuwa na kamera mbili. Moja ilitazama ndani ya chumba cha baridi, nyingine ilitazama ukumbi mwembamba ulio nje ya mlango wake. Siku ya Jumapili, saa saba mchana, mpakizi wa mizigo aliingia kupanga maboksi. Mlango ukajifunga nyuma yake, na kitasa cha ndani kilikuwa kimevunjika siku nyingi. Jumatatu asubuhi wenzake walimkuta amekufa. Katikati ya hapo mlinzi wa zamu alipita kwenye ukumbi ule mara moja. Alisimama mlangoni, kisha akaenda zake.

Mama Mdogo alibonyeza nne. Katika picha ya ndani aliona mwanamume aliyevaa sare ya bluu, mikono yake ikiupiga mlango kwa kasi ya sindano ya cherehani. Katika picha ya nje aliona mlinzi akija mbiombio, akiruka kwa mguu mmoja, akisimama mlangoni, mabega yakimtetemeka, kichwa kikigeuka huku na huku, halafu akitoka mkuku. Akaandika kwamba mpakizi aliupiga mlango frantically. Akaandika kwamba mlinzi alisimama, akatapatapa, akaondoka frantically. Akaweka sahihi yake, ambayo ilikuwa namba tu: karani wa tatu. Jalada lilimchukua saa moja kasoro.

Wiki ile ndipo alipoanza kufungua mlango wetu.

Tulikuwa mezani, mchana wa Jumapili. Aliweka kijiko chini, akainuka, akafungua. Hapakuwa na mtu. Akachungulia ngazi, akarudi kukaa.

"Nani?" Mama akauliza.

"Amegonga."

"Hakuna aliyegonga."

"Mara tatu. Halafu akangoja."

Mama alinitazama, nami nikatazama sahani yangu. Kesho yake alifungua tena, na keshokutwa. Alifungua kwa upole, kama unavyomfungulia mgeni anayejulikana.

"Mdogo wangu," Mama alisema mwishowe, "kama una mchumba anayekuja kimyakimya tuambie basi, tumwekee sahani."

Siku nyingine Mama Mdogo angemjibu kwa mzaha mkali zaidi. Siku hiyo alisema, "Hana haraka," akaendelea kula.

Miezi miwili baadaye mwanamke mmoja alipanda hadi ghorofa ya tatu akiwa ameshika karatasi. Alikuwa na tepu ya kupimia nguo shingoni, kama mtu aliyeondoka kazini bila kuaga. Hakubisha hodi. Alisimama katikati ya meza tano akauliza, "Nani hapa ndiye namba tatu?"

Mama Mdogo aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mimi ni fundi cherehani," yule mwanamke alisema. "Kaka yangu ni mlinzi wa ghala la kuku. Yuko rumande mwezi wa pili huu. Wanasema alimsikia yule marehemu akigonga, akamkimbia, akamwacha afe. Wakili wetu kanipa karatasi hii, kaniambia kesi nzima imesimama juu ya neno hili hapa. Kiingereza changu mimi ni cha vipimo tu. Nimemuuliza mtoto wa jirani, akasema maana yake ni kama mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Ni kweli?"

"Karibu na hivyo," Mama Mdogo alisema.

"Haya. Kaka yangu ana chuma kwenye nyonga. Mwaka wa kumi na moja huu. Akiangusha ufunguo, mimi ndiye namwokotea. Kutoka kitandani hadi mlangoni kwake nakuwa nimeshona pindo zima. Sasa niambie, dada yangu, huyo aliyekuwa anaruka kama kamwagikiwa maji ya moto ni nani?"

Mama Pacha aliacha kuchapa. Wote waliacha. Kwenye kompyuta zao watu wadogo waliendelea kukimbia.

"Nipe hadi Jumatatu," Mama Mdogo alisema.

Jumamosi ofisi hufungwa, lakini Mama Mdogo alikuwa na ufunguo. Aliniomba niende naye. "Chukua kitabu chako," alisema. "Huna haja ya kutazama. Kaa tu pale nikuone."

Tulifika saa tano asubuhi. Nje jua lilikuwa kali; ndani ilitubidi tuwashe taa. Alifungua jalada, akaziweka picha mbili kando kwa kando, ya ndani na ya nje, saa zao zikisoma sawa kwenye pembe. Akaweka kidole kwenye kitufe cha nne kwa mazoea, akakiondoa, akabonyeza moja.

Nilidhani kompyuta imekwama. Naye pia alidhani hivyo, kwa sababu alisogea mbele akagusa kioo. Picha zote mbili zilikuwa zimetulia kabisa. Kisha mpakizi, aliyekuwa ameinama juu ya boksi, akanyoosha mgongo.

Sikusoma hata ukurasa mmoja siku ile.

Mlango ulipojifunga nyuma yake hakuruka. Aligeuka, akajaribu kitasa, akakitazama kwa ndani kama fundi anavyokitazama kitu kilichomshinda mwenzake. Akaita, tuliona mdomo ukifunguka. Akaupiga mlango kwa kiganja, mara chache, akangoja. Halafu akaacha. Akatazama saa yake ya mkononi.

"Anatazama nini?" nikauliza.

Mama Mdogo alifungua karatasi za jalada, akatafuta kwa kidole. "Ratiba ya doria. Ukumbi ule mlinzi hupita saa nane kamili. Wafanyakazi wote wanaijua." Akaweka karatasi chini, akarudi kwenye picha. "Anatunza nguvu."

Alitembea huku na huku kujipasha moto, mikono kwapani. Kila baada ya muda aliitazama saa. Ilipofika saa saba na nusu alichoka, akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye mlango.

Saa saba na dakika arobaini na moja, katika picha ya pili, mlinzi alitokea mwisho wa ukumbi.

Alitumia karibu dakika mbili kufika mlangoni, na ukumbi ule haukuwa mrefu. Mguu wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukafuata kwa kuvutwa, na baada ya kila hatua alipumzika kidogo. Miruko yote ya mwendo wa nne ilikuwa hii. Alikuwa ameanza doria mapema, kama ambavyo bila shaka alianza kila siku kwa miaka kumi na moja, ili amalize pamoja na wenye miguu mizima. Alipofika kwenye mlango wa chumba cha baridi alisimama, akageuka, akaegemeza mgongo wake kwenye mlango. Akafumba macho. Mabega yake yalipanda na kushuka kwa pumzi.

Mama Mdogo alishika mkono wangu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, lakini chumba kile hakikuwa na feni wala kiyoyozi.

Wanaume wawili walikuwa wameegemeana migongo, na mlango katikati yao, mnene kuliko kiganja cha mkono. Wa ndani alikuwa ameketi, wa nje alikuwa amesimama. Wa ndani aliitazama saa yake, akafuta barafu kwenye kioo chake kwa kidole, akaitazama tena. Bado ilikuwa mapema. Wa nje alisugua nyonga. Hakuna aliyegeuka. Ilidumu dakika nne, na nadhani mimi na Mama Mdogo tulikuwa tunapumua pamoja nao, kwa sababu mlinzi alipojitoa mlangoni na kuanza kuvuta mguu wake kuelekea mwisho wa ukumbi, nilisikia sauti, ikawa ni yangu.

"Mwite," nilisema. Sijui nilimwambia nani.

Ukumbi ukabaki mtupu. Saa nane kasoro dakika moja mpakizi alisimama. Akajipangusa suruali. Akavuta sare yake mbele na nyuma ikakaa vizuri, akajiweka sawa mbele ya mlango kama mtu anayekwenda kuomba kazi. Saa nane kamili akagonga mara tatu. Akangoja, sikio likiwa limeinamia mlango. Akagonga mara tatu. Akangoja.

Mama Mdogo hakunitazama, wala mimi sikumtazama.

Aligonga hivyohivyo hadi saa kumi na dakika ishirini. Tulitazama yote. Hakuna mahali, hata mwisho, ambapo unaweza kusema alitapatapa. Alikawia zaidi kati ya kugonga na kugonga, basi. Mara ya mwisho aliinua mkono, akaugusa mlango, akauacha pale.

Tulipotoka nje bado kulikuwa na jua. Mtu alikuwa anapakia godoro juu ya gari, mwenzake anamwambia kushoto, kushoto, na Mama Mdogo alisimama kwenye ngazi ya chini akiwatazama mpaka walipolifunga kamba.

Jumatatu alimweleza Bwana Kielezi mbele ya wenzake.

"Badilisha neno, mama," Bwana Kielezi alisema. "Neno moja tu. Weka slowly. Kuna ubaya gani?"

"Slowly haimo kwenye chati yako."

"Nitaiongeza leo hii."

"Wataniuliza kwa nini nimebadilisha baada ya dada wa mshtakiwa kuja hapa. Watasema nimenunuliwa. Lazima niseme sababu."

"Ukisema sababu," Mama Pacha alisema taratibu, "watafungua kila jalada tulilowahi kuandika. Tutafukuzwa wote watano, na huyu wa sita. Mimi nina watoto wawili wanaokula kama wanne. Wewe nyumbani kwenu kuna dada yako anafanya kazi, huogopi."

"Naogopa."

"Basi nyamaza. Mlinzi atapata wakili mzuri."

"Mama Pacha, ni wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Miaka sita. Ni watu wangapi tumewakimbiza humu ndani ambao walikuwa wanatembea tu?"

Mama Mdogo alituambia kwamba Bwana Kielezi alitazama kabati la majalada, kabati refu la chuma lenye droo kumi na sita, akalitazama kama mtu aliyesikia kitu kikisogea ndani yake. Halafu akaingia kwenye kijichumba chake akafunga mlango. Hakumruhusu wala hakumkataza.

Kesi ilisikilizwa baada ya wiki tatu. Sauti ya Mama Mdogo ilikauka kama tulivyojua itakauka. Wakili wa kampuni alimwuliza kama yeye ni daktari wa mifupa, kama amewahi kuwa mlinzi, kama anajua adhabu ya kutoa ripoti ya uongo. Alijibu hapana, hapana, ndiyo. Alipoulizwa kwa nini basi aliandika alivyoandika, alishindwa kusema. Akaomba picha ya ukumbini ionyeshwe kwanza kwa mwendo wa nne. Ikaonyeshwa. Mlinzi akaja akirukaruka, akatetemeka, akatoka mkuku, na kuna waliocheka, kwa sababu ilichekesha. Kisha akaomba ionyeshwe kwa mwendo wa moja.

Anasema watu waliinama mbele, wakidhani mashine imeharibika. Baada ya dakika moja hakimu aliondoa miwani. Baada ya mbili mlinzi mwenyewe, aliyekuwa kizimbani, akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kukaa.

"Hivi ndivyo alivyotembea," Mama Mdogo alisema. Sauti ilikuwa imerudi. "Mimi ndiye niliyemkimbiza. Tunatazama kwa mwendo wa nne. Wote."

Ripoti ya pili, yenye picha zote mbili, aliikabidhi kwa maandishi, kwa Kiingereza kisicho na neno hata moja la Kipimajoto. Mlinzi aliachiwa mwisho wa mwezi. Ofisi iliishi miezi miwili zaidi, kisha duka la magodoro likaichukua ghorofa ile kuwa ghala. Mama Pacha alimpita Mama Mdogo sokoni bila kumsalimu, mara mbili, mara ya tatu alisimama, akasema, "Nimepata kazi ya kupokea simu. Huko siwezi kubonyeza nne," wakaachana hapo. Mama Mdogo akaanza kusahihisha vitabu vya shule kwa mchapishaji mmoja, anakaa na ukurasa mmoja asubuhi nzima, na hakuna anayemharakisha.

Mlinzi alikuja kwetu Jumamosi moja alasiri, pamoja na dada yake. Tulimsikia kwenye ngazi muda mrefu kabla ya kumwona. Mama alimvutia kiti kirefu, kile kisichozama, akaweka chai. Alikuwa mwanamume mpole mwenye masikio makubwa, amenyoa ndevu vizuri kwa ajili ya ziara. Alishukuru. Akamwuliza Mama kuhusu kazi yake, akaniuliza mimi nasoma nini. Dada yake, fundi cherehani, hakuzungumza sana. Ripoti ya pili alikuwa ameipata kwa wakili, na alikwisha kutuambia mlangoni, kwa kunong'ona, kwamba mtoto wa jirani amemsomea yote, neno kwa neno.

Mlinzi aliikoroga chai yake ingawa sukari ilikwisha yeyuka.

"Dada," alimwambia Mama Mdogo, "wakili ameniambia kwamba nilipopita pale, marehemu hakuwa anagonga."

"Hakuwa anagonga."

"Mimi nilipumzika pale kidogo. Huwa napumzika pale. Ule mlango una ubaridi, unanisaidia nyonga." Akaacha kukoroga. "Na nilipita kabla ya saa yangu. Saa nane ndiyo saa yangu. Hilo nalijua, hakuna aliyeniuliza lakini nalijua. Sasa nilitaka kukuuliza wewe, maana wewe ndiye uliyemwona. Kama hakuwa anagonga, alikuwa anafanya nini?"

Fundi cherehani aliinamisha kichwa akatazama pindo la gauni lake, akalikunja kwa vidole viwili kama anayelipima.

Mama Mdogo hakukawia. Tangu asubuhi, nadhani, alikuwa akijua swali hili linapanda ngazi. Alimtazama mlinzi machoni, yeye ambaye hakuwahi kuandika jambo asiloliona.

"Alikuwa ameshalala," alisema. "Baridi ilikuwa imemchukua mapema."

"Mapema kabla sijafika?"

"Kabla hujafika."

"Kwa hiyo hata ningekuja saa nane."

"Hata ungekuja saa nane, kaka yangu."

Nilikuwa na kitabu mapajani. Sikuinua macho. Nilimsikia mlinzi akivuta pumzi, akaitoa yote, kisha akakishika kikombe kwa mikono miwili akanywa chai mpaka mwisho bila kukiweka chini. Dada yake akainuka, akaja upande wetu wa meza, akamwuliza Mama Mdogo ana gauni gani linalohitaji kupunguzwa, alilete kesho, asilete hela.